Kuzeesha Bati

Miaka ishirini na tisa nilikula mshahara wa kutu.
Mina al-Fahal, juu ya matangi ya mafuta, kamba kiunoni,
na msimamizi wetu Kurian akipiga kelele toka chini:
kwangua, piga msasa, nyekundu mara moja, kijivu mara mbili!
Tukimaliza tangi la mwisho, la kwanza limeshatoka vipele.
Kutu haina Ijumaa.

Leo, Mabela, chumba cha uani palipokuwa na friza,
nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyengine,
naibembeleza ije.

Stesheni yote inaingia kwenye boksi la viatu.
Mabati yake ni kopo la soda, nimeyatia mikunjo
kwa kisu butu na rula.
Mataruma ni vijiti vya aiskrimu:
Yaarub alizila zote kwa ajili ya reli, mpaka akaumwa na tumbo.
Na reli yenyewe, nyembamba, upana wa kidole cha mwisho,
inatoka gati la samaki, inapanda hadi viunga vya tende,
njia ambayo nchi hii haikuwahi kuitandika.
Nimeitandika mimi. Sasa lazima niichoshe.

Kwanza kahawia iliyoungua.
Kisha maji, kisha chumvi ya jikoni
(Shinuna mlangoni: "Niambie mapema, leo tunakula wali au bati?"),
kisha kijani juu ya yote.
Ikikauka nasugua kwa mswaki wa zamani,
chumvi inaanguka pamoja na kijani chake,
na ukuta wa tangu asubuhi
umeshatimiza miaka sitini.

Wapo wanaomwaga kutu popote,
kama mtoto anavyopakwa poda.
Mimi huyu namjua, nimelala naye njaa.
Haanzi katikati ya bati. Huanzia kwenye msumari,
hunywa kidogo kidogo, kisha huteremka,
hafuati ukuta, hufuata maji,
na chini ya mfereji huacha ndevu.
Upande wa kaskazini, unaotazama bahari, hula bila bismillahi.
Kusini huonja tu.

Vumbi nimelileta kutoka wadini kwa mfuko wa Lulu,
nikalichekecha kwa mtandio
ambao sikujua ulikuwa wa harusi.
Hayo tuyaache.

"Babu, mbona unaiharibu?"
Nikamwonyesha mlango wa ghala, pale rangi ilipolika:
hapa kuli husukuma kwa bega, kila siku, pahala pale pale.
"Kuli mwenyewe yuko wapi?"
Amekwenda kula.
Yaarub akauchungulia mlango muda mrefu,
akasogeza kichwa pembeni
ili mtu akirudi apate kupita.

Juzi kiyoyozi kilivuja usiku kucha.
Asubuhi, karibu na kona, kwenye waya wa chuma
nilioufanya reli,
doa la rangi ya machungwa, dogo kama punje ya mtama.
Si langu. Sikulipaka mimi.

Mkono ulitangulia, mimi nikafuata:
ulishafika kwenye droo, ulishashika msasa,
na Kurian, aliyezikwa kwao Kottayam mwaka wa mafuriko,
anapiga kelele masikioni.

Nikakaa kitako.
Nikavua miwani ya juu, nikaifuta, nikairudisha.
Lilianzia kwenye msumari, kama nilivyosema.
Lakini pembeni lilikuwa na manjano,
manjano hafifu ya iliki iliyokaa sana,
na katikati zambarau,
na mimi miaka ishirini na tisa
sikuwahi kuiacha kutu ikae mbele yangu
hata kwa muda wa kikombe cha kahawa.

Nikaleta kipande cha ukuta wangu, nikaviweka sambamba.
Yangu ilikuwa nyekundu mno.