Kilomita Tatu

Toka tanuri la Cheyo mpaka duka la Mlekwa
kioo kiliniambia kumi na mbili.
Nikamtoza kumi na mbili, miezi mitatu,
naye akalipa bila kununa.

Leo nimefuata njia ya kando ya reli.
Jiwe na jiwe ni kilomita moja,
masika hayajawahi kulivuta hata moja.
Kioo kikasema: moja nukta tatu.
Nikarudi nyuma, nikaanza upya.
Moja nukta tatu.

Kashindye fundi hakugusa betri.
Aliitikisa sumaku kwenye spoki, "Hii haina kosa,"
akachora chaki kwenye tairi, chaki sakafuni,
akasukuma baiskeli mzunguko mmoja tu,
akaazima futi kwa mshona nguo wa jirani:
sentimita mia na hamsini na saba.
"Kioo chako kinadhani una miguu mirefu.
Kimeng'olewa kwenye ringi ya ishirini na sita.
Wewe una ishirini."
Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza.

Na ile arobaini niliyojisifia
kwenye mteremko, machozi yakinitoka kwa upepo?
"Thelathini, dada. Na kidogo."

Nimerudi kwa mwendo uleule,
mchanga uleule ukisaga mnyororo,
mikate ingali moto.
Njia haikufupika hata hatua.

Daftari ndilo limerefuka:
kilomita tatu, mara siku sabini na nane,
za barabara ambayo haipo
nami nimeshaila.