Kasoro Zilizobainika

Mkataba una kurasa thelathini na nne.
Nimeusoma wote, hadi ukurasa wa mihuri,
nimekalia ringi ya lori pale Unga Limited,
mvua ya Aprili ikigonga bati
kama mdai anayejua nipo ndani.

Majiko kumi na mawili ya kambini, ya dizeli,
ya kupikia askari mia kwa mkupuo mmoja.
Yaliletwa usiku, yamefunikwa turubai,
kana kwamba kuna adui anayenyemelea masufuria.

Kifungu cha tisa: mzabuni asibadilishe rangi.
Cha kumi: rangi ipakwe upya.
Niliuliza. Nikaambiwa, soma tena.
Cha kumi na nne: kipuri kibovu hakitupwi,
kirudishwe kwenye mfuko wake, na namba yake,
hata nati iliyoliwa meno, hata skrubu isiyo na kichwa.
Cha ishirini: mbao za kreti zikaushwe kwa moto,
zigongwe muhuri, mdudu wa huku asivuke mpaka.
Lomayani alicheka hadi akaweka spana chini:
"Hata mchwa siku hizi hasafiri bila pasi!"

Tukafungua vichomeo. Tukakwangua masizi
yaliyoganda kama lami ya barabara ya zamani.
Ndani ya sufuria la tano, ukoko wa ugali,
mweusi, mgumu, wa nchi nisiyoijua.
Masalia yote ya chakula yaondolewe.
Nikayaondoa.

Ila mifuniko.
Mifuniko ilikuwa imeandikwa.
Kwa msumari, kwa ncha ya singe, sijui,
watu walichora wakisubiri maharage yaive.
Na kifungu cha ishirini na sita hakina utani:
alama zote zisizo rasmi zisuguliwe.

Baba angezisugua bila kusoma.
Yeye ndiye aliyeandika langoni *Nanyaro na Wanawe*
akijua mwana ni mmoja, na ni binti.

Mimi nilichukua Fomu Namba Tatu,
Kasoro Zilizobainika, nakala tatu, wino mweusi.
Nikachukua na rula.

Kasoro ya kwanza. Mfuniko wa pili. Mkwaruzo,
urefu sentimita sita, kina nusu milimita.
Unasomeka: KALEMBO KOMBANIA B.
Kasoro ya nne. Vistari arobaini na kimoja,
haijulikani ni siku au ni sahani.
Kasoro ya saba. Mfuniko wa tano, upande wa ndani,
pale mvuke unapogonga. Sentimita kumi na tisa.
Unasomeka: SIZYA CHUMVI IMEZIDI TENA
NITAKULA NYUMBANI.
Hatua iliyochukuliwa: imesuguliwa.

Ijumaa tukafunga kreti, misumari ya mabati,
vifuko vya kunyonya unyevu, mishale ya *juu huku*.
Lori likashika njia ya Moshi kuelekea bandarini.

Jumatatu, simu. Meja Luhende wa ukaguzi,
sauti kavu kama msasa.
"Kasoro ya saba."
"Ndiyo, afande."
"Imesuguliwa?"
"Imesuguliwa. Haisikiki hata kwa kidole."
Nikasikia kiti chake kikilia.
"Lakini kwenye fomu ipo."
"Ipo."
"Nakala zote tatu?"
"Kama mkataba unavyotaka."
Akanyamaza. Nyuma yake mtu aligonga mihuri,
mmoja, wa pili, wa tatu.
"Sizya alikuwa anazidisha kweli," akasema,
akakata.

Malipo ni ndani ya siku tisini.
Leo ni ya mia na nne, Lomayani ananidai,
fundi wa mbao hapokei tena salamu zangu.
Nakala yangu iko kwenye droo, chini ya madeni.
Nimeifunga kwa nailoni mara mbili,
kama kifungu cha kumi na nane kinavyoagiza
kwa vitu visivyotakiwa kupata unyevu.