Daftari la Kuchta

Jumanne: wawili. Jumatano: mmoja.
Alhamisi: hakuna, au sikuwaona.
Ndivyo lilivyo daftari la Zbyněk Kuchta,
la kalamu ya risasi, herufi zimelala ubavu
kama za mtu aliyeandika amechuchumaa,
na kweli alichuchumaa, miaka kumi na tisa,
mbele ya tangi la kioo lisilozidi sanduku la viatu,
ghorofa ya tatu, Ostrava, juu ya fundi wa funguo.

Ndugu zake walichukua zulia na televisheni.
Tangi walilichungulia, wakaona maji na majani.
"Humu hamna kitu," akasema mpwa wake.
Nami, jirani wa mlango wa pili, dereva wa tramu,
niliyekuja kurudisha bakuli tu,
nikaona jani moja likinikonyeza.

Si jani. Dume.
Hafiki pingili ya mwisho ya kidole changu,
ubavuni mstari mweusi, uzi wa mshono wa haraka.
Jike humzidi mwili, na bado
ungemlaza ndani ya kijiko cha chai
akabaki na nafasi ya kugeuka.

Wapo samaki wanaozaa kwa kishindo:
usiku mmoja, arobaini, basi.
Huyu huzaa kama mtu alipaye deni la dukani,
leo kidogo, kesho kidogo, keshokutwa hapiti njia ile.
Tumboni mwake wamepanga foleni
wa wiki tatu, wa juzi,
na wa mwisho ambaye bado ni nukta.
Mimi niishiye kwa ratiba
nilimwelewa upesi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa usafi.
Nilizoa majani yote, nikasugua kioo
mpaka taa ya barabarani ikaingia bila kubisha.
Kwa siku mbili sikuona kifaranga hata kimoja.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi:
methali hiyo humu majini haijafika.
Mama alikuwa akimzaa, akigeuka, akimmeza.
Nikarudisha majani, rundo zima, machafu vilevile,
nikafungua daftari nitafute radhi.

Humo nikakuta, Februari ya mwaka wa mafuriko ya bomba,
mstari usiopigiwa mstari:
Drahomíra, saa kumi alfajiri. Watatu.
Kesho yake: mmoja.
Siku ya mazishi: wawili, mmoja dhaifu.
Yule dhaifu anatajwa tena mara nne,
kisha hatajwi.

Jumapili moja nilipeleka sita sokoni,
kwenye ukumbi wa shule ambako watu
huuziana samaki katika mifuko iliyofura pumzi.
Mtoto akautazama mfuko wangu kwa muda,
akauliza samaki wenyewe wako wapi.
Mama yake akamvuta kwenye meza ya wekundu.
Aliyenunua ni mzee Ctirad peke yake,
akalipa kwa chupa ya viroboto-maji,
tena akinung'unika: Kuchta alikuwa akinipa bure.

Nilijaribu kuandika kwa wino. Nikaacha.
Idadi hubadilika ungali unahesabu,
na wino hauna adabu ya kufutika.

Saa kumi na nusu, kabla ya zamu,
dirisha limevaa barafu kwa nje,
goti langu la kushoto linalalamika.
Nasaga kiini cha yai, punje ya punje,
nangoja ile chembe yenye macho mawili
itoke kwenye majani ije ile,
yenye macho kuliko mwili,
iliyozaliwa labda nilipokuwa navaa soksi.

Moja. Pale, chini ya mzizi unaoelea.
Na pale?

Ijumaa, naandika: wawili,
au mmoja na jani.