Mabega ya Profesa

Miaka sita nimemjua profesa wa mke wangu
kwa mabega tu:
sweta ya kijivu, miwani, rafu ya vitabu,
na paka aliyekatiza skrini
kila mjadala ulipopamba moto.
Urefu wake hatukuujua. Miguu yake, Mungu ndiye ajuaye.

Tunaishi kaskazini mwa Manitoba,
ambako Januari mate huganda kabla ya kutua.
Mgodi wa nikeli ulionilisha miaka thelathini na tisa
ulifungwa Ijumaa moja, kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni.
Stefka alikuwa mpishi wa shule.
Alipotimiza hamsini na minne
akaniambia, huku akimenya viazi,
"Metro, nimejiandikisha. Shahada ya uzamivu."
Nikamuuliza chuo kiko wapi.
Akaelekeza kisu kwenye kompyuta, kando ya kibaniko cha mkate.

Nilicheka. Nalisema kwa kuwa ni kweli.

Uzamivu. Neno lenyewe linajisema.
Nami najua kuzama:
kizimba cha chuma alfajiri, mita mia tisa,
unauacha mwanga juu, unaiamini kamba.
Yeye alizama akiwa ameketi,
blanketi magotini,
baada ya kusugua masufuria ya watoto mia mbili.
Haba na haba, wanasema,
ila kibaba cha Stefka kilikuwa kinavuja:
sura aliyoimaliza Pasaka
ilirudi Juni imejaa wino mwekundu,
na akaianza upya
bila kumtukana mtu, isipokuwa mimi.

Alichunguza barua za wajane,
masanduku manne yaliyotelekezwa ofisi ilipohamwa.
Wake wa waliobaki chini ya mwamba
waliiandikia kampuni:
wakiomba makaa, wakiomba kukaa nyumbani hadi Juni,
mmoja akiomba arudishiwe buti,
kwa kuwa zilikuwa mpya.

Mwaka wa tatu aliacha kunisomea kwa sauti.
Nilidhani amenichoka.
Mwaka wa nne akaniwekea ukurasa mezani,
akatoka kwenda kuzoa theluji iliyokwisha kuzolewa.

Barua namba kumi na saba. Jina limefichwa.
"Mwanangu anatimiza kumi na sita mwezi Mei.
Ana mikono mikubwa. Mtaona atafaa."

Niliitazama mikono yangu.
Aliporudi ndani, pua nyekundu, akauliza,
"Niiache au niifute?"
Nikamwambia aiache. Namba ibaki namba.
Usiku huo niliosha vyombo,
na sijaacha kuviosha tangu hapo.

Siku ya utetezi, dhoruba ilikata intaneti.
Tukaliendesha gari hadi uwanja wa barafu,
wenye mtandao unaofika mpaka maegesho.
Stefka mbele, kompyuta juu ya usukani,
mimi nimelala kiti cha nyuma na chupa ya kahawa
nisionekane na watahini,
nikikwangua kwa kadi ya benki pumzi zetu
zilizoganda kwenye kioo.
Mmoja akauliza kwa nini hiyo ya kumi na saba
ameipa kurasa nyingi kuliko zote.
Kimya. Injini ikakohoa.
"Kwa sababu," akasema, "ndiyo pekee
iliyojibiwa siku hiyohiyo."

Hilo sikulijua.

Wakatutoa ili washauriane.
Skrini ikabaki na uso wake peke yake,
na kipande cha kofia yangu.
Mshale wa mafuta umelala kwenye nyekundu.
Aliponyoosha mkono nyuma bila kugeuka
niliushika, na kadi ya benki bado imo.

Waliporudi walimwita Daktari Hnatiuk,
na profesa, kwa furaha, akasimama apige makofi.
Kumbe ni mfupi.
Kumbe chini ya sweta ile ya heshima
alivaa suruali ya kulalia
yenye bata wa manjano.

Stefka alicheka hadi honi ikalia kwa kifua chake.
Mimi nilibaki kule nyuma, kichwa chini,
kahawa imepoa,
nikirudia moyoni: siku hiyohiyo.