Saa Sita Roseau

Ngazi imeshushwa. Philomise anateremka
na kadi ya chumba shingoni,
kashikana mikono na Wendell
aliyejipaka losheni ya jua hadi ndani ya masikio.
Saa sita tu, kipaza sauti kimesema. Msichelewe.

Dereva anauliza: mara yenu ya kwanza kisiwani?
Wendell anacheka, anamgeukia mkewe.
Mkewe yuko dirishani.
Ndiyo, anasema. Ya kwanza.

Maporomoko, picha. Chemchemi ya moto, picha.
Kwenye kona, nyumba ya buluu isiyo na paa
(kimbunga kilibeba mabati, kikaacha mijusi).
Anamwomba dereva apunguze mwendo, kidogo tu,
halafu, basi, twende.

Sokoni muuza kungumanga anamtajia bei ya wageni.
Anajibu kwa Kikrioli kilichoshika kutu,
na yule mama anamkazia macho:
Wewe ni wa nani?

Honi ya meli.

Usiku, ghorofa ya tisa, baada ya kambakoche na fidla,
Wendell amelala na viatu.
Mhudumu amekunja taulo likawa tembo,
amekaa kitandani, mkonga juu, anasubiri.
Philomise anamfichia kungumanga moja tumboni,
anainama sikioni,
anamtajia jina la baba yake.