Mstari wa Saruji

Uko pale bado, ukiingia kwa mlango wa magharibi,
hatua kumi na nne kutoka mezani pa Bwana:
saruji nyeusi, upana wa kiganja,
imekata sakafu ukuta hadi ukuta.
Mbele yake, viti vya mvule vyenye mito.
Nyuma yake, zamani, sakafu tu na magoti.

Mimi ni katibu wa parokia. Kazi yangu kuandika.
Nimeandika vikao kumi na vinane juu ya mstari huu,
na chai yake, na mabishano yake,
na jinsi Lugembe alivyobamiza meza
akasema ung'olewe kesho, nyundo anayo,
vitandikwe vigae vyeupe kama vya benki.

"Ukiung'oa," akasema Nyanzala,
"mjukuu wangu nitamwonyesha nini?
Mama alisimama hapa nyuma, ana homa, mimi mgongoni.
Komunyo ilimfikia wa mwisho,
padri mkono umeshamchoka."

Kimya.
Huko chini Kirumba mashine ya barafu ilinguruma.

Ndipo akainuka Ermelinda Furtado,
wa ile bekari ya zamani karibu na stesheni,
Mgoa mzaliwa wa hapahapa,
Kisukuma chake kimenyooka kuliko changu.
"Baba alikuwa karani. Tulikaa safu ya nne.
Ya kwanza hatukuiota.
Miaka yote nimejiambia, nasi tulionewa.
Na kweli tulionewa.
Lakini sikugeuka nyuma. Hata Jumapili moja.
Na shingo yangu ilikuwa nzima."

Nyanzala hakumkumbatia.
Alisema, "Nimesikia," akakaza khanga yake.
Kikao kikafungwa. Nimeandika: saa kumi na moja na robo.

Ningependa kusema tulipatana siku ile.
Hapana. Tulifungua daftari la ujenzi,
kurasa zimeliwa na mchwa, pembe zimebaki vumbi.
Fundi mkuu ana jina, ana cheo, ana mshahara.
Waliobeba mawe kutoka kilimani:
*vibarua 61.*
Basi. Kama marobota ya pamba.

Tukaenda Igoma, tukaenda Buswelu,
tukavuka kwa kivuko hadi Kamanga
kuwaomba wajukuu majina ya babu zao.
Wengine walitufukuza. Mmoja aliuliza,
"Mnalitaka jina tu, au na ule ujira?"
Swali lile lilikula vikao vitatu.
Kiwanja cha nyuma, kilichokuwa cha ukoo wa Ng'wandu,
kimerudi kwao, si kwa mahubiri, kwa muhuri.
Majina thelathini na manane yamechongwa ukutani.
Chini yake tumeacha jiwe tupu
la kutosha ishirini na matatu.

Mstari tumeuacha.
Ermelinda siku hizi hukaa nyuma yake,
magoti yake yakilalamika kwa sauti.
Nyanzala humwazima miwani wakati wa zaburi.
Siku nyingine hamwazimi.

Hapo ningelifunga daftari.
Lakini Jumapili iliyopita, nikihesabu waumini
kwa ajili ya takwimu za jimbo,
nikafika benchi la sita, kwa Kabula,
binti wa darasa la saba, mwenye ualbino,
kofia yake pana ameilaza magotini.
Kulia kwake nafasi tupu. Kushoto, tupu.
Na watu wamesimama mpaka mlangoni.

Nikainama kutazama sakafu,
natafuta saruji.
Sakafu ilikuwa safi, imepigwa deki.

Wiki moja kabla, kulia kwake nilikaa mimi.
Nilihama.
Nilisema ni kwa sababu ya feni.