Mstari Mmoja wa Fomu

Karani wa ardhi ameniwekea kidole
palipoandikwa: Mmiliki wa awali.
Mstari mmoja, mama. Usizidi.
Nje, vijana wake wanapigilia vigingi vyekundu
katika uwele wangu ambao haujakomaa.

Kifuniko cha kalamu yake kimetafunwa.
Nianzie wapi, mwanangu?

Nikianza na Chilewa, aliyetoka kusini
na mawe mawili ya mvua ndani ya ngozi ya kondoo,
utaniuliza hati.
Hati yake ilikuwa wingu.
Mwaka wingu lilipokataa
watu wake walimfunga juani kwa kamba ya fahali wake mwenyewe.
Siku ya nne ikanyesha.
Wakamfungua, wakamwomba radhi,
wakamwogopa kuliko jana.

Alipokufa, mwana na mpwa waligombea.
Wakagawana: Ndahani mawe, yule mwingine ngoma.
Miaka kumi na mmoja nchi hii
ilikuwa na mvua isiyo na amri,
kisha amri isiyo na mvua.

Hapo ulipoegesha pikipiki pana kisima.
Maji yake yana chumvi, lakini kiu haichagui.
Misafara ya pembe ilipofika imekauka midomo
ililipa doti ya kaniki kwa kila kiriba.
Wenyewe waliita hongo, wakatutukana hadi Unyanyembe.
Sechelela, bibi yake bibi yangu, ndiye aliyehesabu doti.
Mtemi alijua kuhesabu ng'ombe tu.

Andika? Ngoja, bado.

Mjerumani alituletea akida,
mtu wa Pwani, kanzu nyeupe, kiboko cha ngozi,
aliyepiga chafya kwa vumbi letu toka kiangazi hadi masika.
Akakalia kigoda cha mtemi. Kikavunjika.
Watu walicheka miaka sitini,
ingawa siku ile yenyewe
hakuna aliyethubutu kukohoa.

Halafu vita vyao.
Vikala ng'ombe, vikala wapagazi,
na Mtunya ikala waliosalia.
Watu waliuza watoto kwa debe la mtama.
Mwaka ule, ukitaka ukweli,
mmiliki alikuwa fisi.

Mwingereza akaja anatafuta mtemi
kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha gizani.
Akamwokota Masima, muuza tumbaku,
binamu wa mbali, hana jiwe wala ngoma.
Akampa joho, mshahara, daftari la kodi.
Masima alijifunza kuwa mtemi
kama unavyojifunza kuvaa viatu vya mwenzio:
vinabana, vinabana, halafu ni vyako.

Barua ya kumwondoa ilikuwa ukurasa mmoja.
Nilikuwa mtoto, nilimwona.
Aliisoma, akaikunja mara nne,
akachukua jembe akaenda kupalilia.

Lori ndilo lililotawala baada yake.
Walibomoa tembe ya baba, udongo wa paa ukatuingia machoni,
wakatupanga barabarani kama mahindi: nyumba namba arobaini na mbili.
Mwenyekiti alikuwa na filimbi.
Tukarudi huku kimyakimya, mmoja mmoja,
kama mbuzi wanaokumbuka zizi.

Na sasa wewe.
Sikuchukii. Naona taa zenu usiku
zikitoka Dodoma, kila mwaka kilima kimoja.
Una umri wa mjukuu wangu na umekunywa maji yangu
ukakunja uso, kama wote waliokutangulia.

Karani anatazama saa. Anasema, mama,
jina moja tu.

Kisima hakikujichimba.
Nachukua kalamu, naandika polepole,
herufi zangu za elimu ya watu wazima:
Sechelela Mwanachiloleti, aliyechimba.

Ni refu. Linamaliza mstari,
linaparamia mpaka, linaingia katika kisanduku
kilichoandikwa
Kwa matumizi ya ofisi tu.